Mkalimani Aliyeujua Mlima

Shule niliishia darasa la tatu. Chumvi ndiyo iliyonisomesha. Nilianza na mfuko mmoja mgongoni, nikipanda milimani na kuuza kwa kijiko, na kabla ya vita nilikuwa na nyumba ya mabati na wapagazi watatu walioniita patron, yaani bosi. Mtu asiniambie sijui kazi.

Vita ilipokuja, wapiganaji wa msituni waliweka ghala lao juu ya mlima wetu, kwenye mapango nyuma ya mianzi. Wanajeshi wa nchi jirani wakaingia Kongo kuwafukuza. Mara ya kwanza walipanda kwa njia ya mbele, wakarudishwa. Mara ya pili walileta mizinga. Walikaa juu siku nne, wakanyang'anywa. Sisi wa chini tulilala kwenye mitaro ya viazi, hatujui kesho mlima utakuwa wa nani.

Wale wa juu niliwauzia chumvi, sabuni, betri. Sifichi. Lakini kabla ya shambulio la tatu walinikamata njiani, wakanitwika masanduku mawili ya risasi, mtutu ukinigusa uti wa mgongo. Nikayafikisha. Kesho yake ukungu ulipoinuka, wanajeshi wa kigeni walikuwa tayari ndani ya mianzi. Walikuwa wametokea nyuma. Nilikimbia, sikusimama mpaka ng'ambo ya ziwa.

Nilifika Stockholm mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikalala kwenye kochi la ndugu mmoja wa kanisani, mtaa wa Rågsved. Mke wangu na watoto walibaki kwenye kambi ya wakimbizi. Nikipata karatasi, wanakuja. Nikikosa, narudishwa kule. Basi.

Siku ya mahojiano, bibi wa ofisi ya wahamiaji alikaa mbele yangu, mkalimani pembeni. Mkalimani aliponisalimia tu, "Karibu, mzee," nilijua kwa lafudhi kwao ni wapi. Ile nchi jirani. Nikajiambia, tulia, si kila mtu wa kule alishika bunduki.

Bibi akauliza mizigo niliipeleka kwa njia gani.

"Ile ya nyuma," nikajibu.

Mkalimani akauliza bila kuinua macho kwenye daftari lake, "Ya chemchemi? Penye lile jiwe lililopasuka?"

Jasho likanishuka, na nje ni theluji. Njia ile waliijua wapagazi, na wale wanajeshi waliopanda mara ya tatu. Mimi sikuwa nimetaja maji wala jiwe.

Naye akasikia alichosema. Kalamu yake ikasimama.

"Ndiyo," nikasema. "Hiyo."

Akatafsiri. Bibi akaandika, kisha akauliza kama niliwahi kubeba silaha.

Nikimjibu hapana, huyu mkalimani anajua watu wa njia ile walikuwa wanabeba nini. Nikimjibu ndiyo, anaweza kunigeuza mpiganaji kwa neno moja la Kiswidi, na mimi nimekaa pale kama gogo.

"Mara moja. Masanduku mawili ya risasi, mtutu mgongoni. Mwambie hivyo, usipunguze."

"Mzee, mimi nasema unachosema wewe."

"Tutaona."

Alisema maneno mengi kuliko yangu. Kwa nini mengi? Wiki tatu nikangoja. Barua ikianguka mlangoni, hata ya matangazo, naiwahi kabla mwenyeji wangu hajaiokota.

Ndipo wakili wangu akaniita tupitie yaliyoandikwa. Mkalimani mwingine, dada wa Kitanzania, alisoma kwa simu. Nilingojea uongo. Masanduku mawili: yapo. Mtutu mgongoni: upo. Hakupunguza, hakuongeza. Halafu dada akasoma: "Nilipita njia ya chemchemi, penye jiwe lililopasuka." Imeandikwa kana kwamba nimetamka mimi.

"Baba, wakili anauliza, kuna cha kurekebisha?"

Nikirekebisha, nitaulizwa nani alitaja jiwe, na amelijuaje. Na yule mkalimani wa kwanza analijua jina langu, na mahali ninapolala.

"Hakuna."

"Una hakika, baba?"

"Dada, endelea kusoma."

Akaendelea. Nami kila mstari nikauitikia kama wangu.