Ghati, Rais wa Pili wa Jamhuri ya Mashimo

Ukitaka kuwasikia watu wa Kerende wakiongea upuuzi, waulize nani alistahili kuwa rais wa kwanza wa jamhuri yao. Kila mmoja atakuapia ni Ghati. Laiti angekuwa Ghati! Angefanya hivi, angefanya vile. Leo ndiyo wanajua, hao.

Jamhuri yenyewe ilianza kwa utani. Miaka ile dhahabu ilipowapagawisha watu, mpaka ng'ombe wakabaki bila wa kuwachunga, wachimbaji wa mlimani walichoka kukatana mapanga wakigombea mipaka ya mashimo. Wakasema, na sisi tuwe nchi, tuchague rais wetu. Wakacheka sana. Kisha kicheko kikaisha, maana rais ndiye angeamua shimo lipi lichimbwe na lipi lifungwe.

Ghati alikuwa mjane, kazi yake kutwanga mawe ya dhahabu. Mwanawe wa pekee, Marwa, alichimba katika shimo refu kuliko yote, na mvua zilikuwa zimeanza. Mama huyu alitaka kitu kimoja tu duniani: shimo lile lifungwe mpaka masika yaishe, mwanawe abaki hai. Ndiyo maana akajitokeza kugombea.

"Mwanamke?" aliguna mzee Mniko, aliyesimamia uchaguzi. "Huyu akikanyaga tu mdomo wa shimo, dhahabu inakimbia. Atatutawala akiwa jikoni?"

Wakaangua kicheko. Lakini ndivyo walivyoamini wote pale, hata wanawake wenyewe.

Mpinzani wake, Machage, aliahidi kwamba inyeshe isinyeshe, kazi itaendelea. Watu wakaambiwa wapange mstari nyuma ya wanayemtaka. Adoyo, jirani yake Ghati, alipanga nyuma yake pamoja na watwangaji wenzao. Wakaondolewa wote, eti hawana hisa shimoni! Marwa naye akaenda kusimama nyuma ya Machage.

"Hata wewe, mwanangu?"

"Watanicheka, mama," alisema Marwa, macho chini.

Machage akawa rais wa kwanza.

Wiki haikuisha, mvua kubwa ikashuka mchana. Ghati alipanda mlima mbio, nguo zimemganda mwilini, akazuiwa na walinzi kabla hajafika shimoni. Alimwona mwanawe amekwisha kuingia, kimebaki kichwa.

"Marwa! Toka humo, baba, nakuomba!"

"Rudi nyumbani, mama. Usinitie aibu mbele ya watu."

Akashuka. Ghati hakurudi nyumbani. Alikuwa bado anabishana na walinzi ardhi ilipotitia. Wenzake Marwa wawili walitolewa wazima. Yeye hakuonekana.

Asubuhi Machage alikuja na Mniko na kundi la wanaume, wamevua kofia.

"Shikamoo, mama."



"Tumekosa," alisema Machage. "Kuanzia leo rais ni wewe. Utakalosema ndilo. Vijana wako tayari kushuka wautafute mwili wa Marwa. Sema tu."

Mvua ilikuwa inaendelea. Ghati alitazama kaburi la mumewe pale uani, na nafasi iliyobaki ubavuni mwake. Mtu wa kwao huzikwa kwao. Kumwacha mtoto huko porini kama mbwa, hilo lilimkata maini. Akawatazama vijana, Kisyeri na Nyangwine na wengine, watoto wa wanawake aliotwanga nao mawe. Aliwachukia. Alitamani waingie wote, na wafie humo, mradi wamletee mwanawe.

"Shimo lifungwe," alisema. "Asishuke mtu."

Wanaume wakatazamana.

"Na Marwa?" aliuliza Mniko.

"Nimesema lifungwe!" alipiga kelele. "Si mlitaka rais? Haya, nendeni mkamfukie mwanangu!"