Saa Tatu na Nusu za Bombay

Hili nalisimulia mwenyewe kwa sababu mkipita Masasi mtalisikia tu, na wenzangu huwa wanaongeza chumvi.

Miaka ile biashara ya korosho ilipofunguliwa kila mwenye hela anunue, mnunuzi mmoja wa Bombay alituambia kwamba aliruka kwao saa moja asubuhi, akashuka Dar es Salaam saa nne na nusu asubuhi hiyohiyo, nami (ambaye ndege nilizijua kwa kuinua shingo tu) nikatoa, nikapata saa tatu na nusu, nikaanza kutangaza barazani kwamba Bombay ni karibu kuliko Newala wakati wa mvua.

Basi Saidi, mume wa dada yangu Zainabu, akapata safari ya hukohuko. Dada aliogopa sana ndege. Nikamtuliza: “Anaruka saa nne asubuhi, saa nane atakuwa ameshapiga simu dukani kwa Baba Hamisi.” Ningeishia kusema atafika, ingetosha.

Saa nane ikapita, saa tisa ikapita, dada amekaa juu ya gunia la chumvi pale dukani anaitazama simu. Mwishowe akaniuliza, ndege ikiharibika njiani inasimama wapi, na mimi kwa ujuaji wangu nikamjibu kwamba kule chini ni bahari tupu. Alivua vipuli, akaanza kulia. Majirani wakaja, mikeka ikatandikwa, dereva wa lori akapewa habari azipeleke Newala kwa wakwe, na bibi yetu akamwingiza dada chumbani kukaa eda, nami nikabaki uani napokea pole.

Magharibi Baba Hamisi akaja anahema: Saidi yuko kwenye simu, anamtaka mkewe. Bibi akasimama mlangoni. “Mwenye eda hatoki, wala haongei na wanaume. Kwanza nenda wewe ukahakikishe ni yeye.”

Nikaenda.

“Shemeji, mke wangu yuko wapi?”

“Yuko eda.”

“Eda ya nani?”

“Yako.”

Akanieleza taratibu, kama anazungumza na mgonjwa, kwamba safari yenyewe ni saa sita, na kwamba saa za Bombay zimetangulia zetu, kwa hiyo yule mnunuzi alisoma saa ya kwao akiondoka na saa ya kwetu akifika.

Kesho yake wakwe waliteremka kutoka Newala na unga wa muhogo wa matanga, wanalia tangu njiani, ikabidi niwaeleze mimi. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Dada hakucheka. Wageni walipoondoka aliniita jikoni.

“Mdogo wangu, mume wangu ameshanifia mara moja. Siku akifa kweli, habari usiniletee wewe.”

Nilimwahidi. Siku hizi mtu akiniuliza hata Ndanda hapa jirani ni mwendo gani, namwambia akaulize stendi.