Dokta Sele wa Sanyuanli na mguu wa Bi Zuhura

Wakuu, salamu kwenu nyote mlioamka leo mkiwa na viungo vyenu kamili. Mshukuruni Mungu.

Nina jambo limenikaa kooni. Nikiendelea kunyamaza naona nakuwa mmoja wao. Yote nitakayoandika hapa nilikuwepo, na mengine nimeyatafsiri kwa mdomo wangu mwenyewe. Atakayeona ni chai, stori ya kutunga, apite tu, sitamfuata.

Mimi ni agent hapa Guangzhou, China. Wateja wangu ni wafanyabiashara wa Dar na Zanzibar. Nawapokea airport, nawatafutia chumba mtaa wa Sanyuanli, nazunguka nao sokoni nikitafsiri, na mzigo ukishaingia kwenye kontena kazi yangu imeisha.

Bi Zuhura ni mteja wangu wa siku nyingi. Mama wa Unguja, mtu mzima, anauza mikoba ya kike. Ananiita mwanangu, na kila akija ananiletea achari ya maembe iliyofungwa kwenye nailoni tatu ili isivuje. Hapa nje hakuna mtu mwingine anayenikumbuka hivyo.

Kwenye mzigo sasa, msimchukulie poa. Kule Shiling, mji wa mikoba, wenye viwanda wanamjua na wanamuogopa. Ukimpa sampuli anaifungua, anaigeuza ndani nje, anachokoa uzi kwa kucha, anavuta zipu mpaka laoban anatokwa jasho. Laoban ni bosi. Hapa kila mtu ni laoban, anayeuza na anayenunua, hata ukija kununua soksi pea moja.

Msemo wake ni mmoja: "Nje kila mtu ajua kupamba, mwanangu. Mie nataka kuona ndani."

Yawekeni akilini hayo maneno.

Safari hii alikuja na viatu vipya, zawadi ya mkwewe. Tukazunguka Zhanqian Road, kwenye yale majengo ya nguo karibu na stesheni ya treni, ghorofa kwa ghorofa. Jioni mimi ndiye niliyeona damu kwenye soksi. Yeye hakuwa na habari. Bi Zuhura ana kisukari cha muda mrefu, na wenye ugonjwa huo mnajua, mguu ukishaingia ganzi haukupi taarifa.

Hapo chini ya jengo letu anakaa dada mmoja Mkenya, Wambui. Anafanya biashara ya nguo za watoto lakini kwao alisomea unesi na aliufanya kabla hajaingia sokoni. Nikamuomba amuangalie mama.

Wambui alivaa glovu, akaangalia, akatingisha kichwa. "Mimi ni nurse, na sijapractice kitambo, siwezi kukudanganya. Hii si kitu ya kuangalia kwa room. Mtu wa sukari akiwa na kidonda ya mguu, ni hosi. Leo, si kesho."

Wakuu, hivyo ndivyo mtu mwaminifu anavyojitambulisha. Kasema yeye ni nani, kasema mwisho wake uko wapi, kaonyesha njia. Hakuomba hata soda.

Na mnajua Bi Zuhura alimjibu nini nyuma ya mgongo wake? "Huyo ni nesi tu."

Bi Zuhura hakutaka hospitali. Na hapa sitamlaumu, maana wengi wetu ni hivyo hivyo. Hospitali kubwa za hapa unaanza na mashine, unascan, namba inaitwa kwa Kichina, na mimi kijana wa kiume ndiye ningesimama pale natafsiri mambo ya mwili wa mama wa watu. Aliona haya. Aliogopa kulazwa na order yake Shiling haijakaguliwa. Akasema, "Kwani hapana daktari wa kwetu hapa?"

Yupo bwana! Group letu la WhatsApp lilijibu kabla chai haijapoa. "Mpeleke kwa Dokta Sele." "Dokta ni mtu safi sana." "Dokta alinitibu typhoid." Na tangazo lake likatumwa tena, lile la rangi ya kijani lenye picha yake ana koti jeupe na kipimo cha moyo shingoni:

DOKTA SELE, BINGWA. Sukari, presha, vidonda sugu, uzazi, nguvu za kiume. Huduma kwa Kiswahili.

Mtu mmoja, magonjwa yote. Tungeona tangazo la kiwanda kimoja kinachotengeneza mikoba, matairi, simu na mchele tungecheka mpaka tulie. La Dokta Sele tulilifowadi.

Nifungue mabano kidogo. Sisi Waswahili cheo tunagawa kama pipi. Aliyewahi kushika spana ni Injinia. Anayevaa miwani na kuongea taratibu ni Profesa. Na hapa Guangzhou kijana akishuka tu kwenye ndege na kusema amekuja kusoma udaktari, tayari ni Dokta, kabla hajajua kuhesabu mpaka kumi kwa Kichina. Ni heshima, ni utani, ni kumtia moyo. Wengi wao walisoma kweli, wamesota miaka wakilala kwenye mabweni ya baridi, na leo wanatibu watu nyumbani. Wale nawavulia kofia. Kuna wengine walibaki na jina tu.

Nafunga mabano.

Tukaenda kwa Dokta Sele. Chumba chake kiko ghorofa ya juu, chini yake ni ofisi ya cargo. Kitanda kimoja kina shuka jeupe, harufu ya spiriti, koti limedariziwa jina kwa uzi wa bluu. Hiyo darizi mimi naijua, inashonwa pale pale Zhanqian unasubiri.

Nitasema ukweli hata kama unauma. Jamaa alikuwa mpole kuliko daktari yeyote niliyewahi kumuona. Alimwita "mama yangu". Aliuliza wajukuu wangapi, nani kabaki na duka. Akasema bismillahi kabla hajagusa mguu. Bi Zuhura, ambaye kwa siku zote hizo alikuwa anaongea na watu kwa kikokotoo na vidole, alitoa machozi. Alikuwa amepata mtu wa kumwambia anaumwa, kwa lugha yake, bila mimi katikati.

Hakuuliza alisoma wapi. Hakuuliza leseni. Mwanamke anayegeuza mkoba ndani nje kabla hajatoa senti, alikaa kwenye kile kitanda akanyoosha mguu.

Dokta akamtundikia dripu ya maji ya njano. Akanyunyiza unga kwenye kidonda, akafunga bandeji nzuri sana. Halafu akamwambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasikia joto usoni: "Hizo dawa za sukari za hospitali ziweke pembeni, mama yangu. Zinachosha figo. Tumia vidonge vyangu vya mitishamba, na bandeji usiifungue mpaka nikuambie."

Nikamuuliza, "Dokta, kuacha dawa kabisa?"

Akacheka. "Laoban, wewe shughulika na kontena. Mwili tuachie wenyewe."

Hata Bi Zuhura alinikazia macho, kama vile mimi ni mtoto niliyeingilia mazungumzo ya wakubwa.

Siku zilizofuata alisema anajisikia mwepesi. Wambui alimuona anachechemea, akamsihi tena, akaambiwa yuko chini ya daktari. Ungemfanya nini mtu aliye chini ya daktari?

Basi tukakodi gari kwenda Shiling kukagua order.

Waliowahi kufika Shiling mnajua harufu ya kule. Ngozi, gundi, rangi, inakuingia mpaka kwenye chakula. Tulishinda kiwandani, mama amekaa kwenye kistuli anapekua mikoba yake, anakataa huu, anapitisha ule. Kulikuwa na harufu moja nzito nilikuwa naisikia kila nikimkaribia. Nikajua ni gundi. Hata yeye alisema, "Leo gundi yao mbovu hii, yanuka kama panya kafa." Akamkazania laoban abadilishe gundi. Laoban wa watu akaapa kwamba gundi ni ile ile.

Tukapanda gari kurudi. Vioo vimefungwa, AC imewashwa, kiwanda tumekiacha nyuma kabisa.

Harufu ikaja nasi.

Dereva akashusha kioo. Mimi nikaangalia chini kwenye mguu wa Bi Zuhura. Yeye akaangalia dirishani. Tulipoingia mjini sikumuuliza tena, nikamwambia dereva atupeleke hospitali moja kwa moja.

Daktari aliyetupokea alikuwa mama wa Kichina wa makamo. Akakata bandeji. Sitawaelezea nilichokiona, kuna watu mnasoma mnakula. Akauliza maswali mafupi mafupi. Anatumia dawa gani? Kaacha lini? Nani kamwambia aache?

Nikajibu, daktari.

Akasema, mpigie huyo daktari, nataka kujua alimpa nini.

Nikampigia Sele, nikaweka spika. Nikamwambia niko hospitali, daktari anauliza dawa ulizompa mama. Akajibu, "Daktari gani? Mimi ni mshauri wa afya asilia."

Nikasema, "Wewe si Dokta?"

"Kaka, lini umenisikia nimesema nina leseni? Dokta ni jina tu, ninyi ndio mlioniita. Nilikuja kusoma, nikasoma lugha, ada ikanishinda. Wewe si wanakuita laoban? Una kiwanda?"

Akakata. Nikipiga tena simpati, kani-block.

Yule mama wa Kichina alikuwa anasubiri tafsiri. Miaka yote natafsiri bei, rangi, size, sijawahi kukosa neno. Nilimwambia tu, amesema yeye si daktari.

Halafu ikabidi nitafsiri upande wa pili. Kwamba uchafu umepanda, umeingia kwenye damu, wakichelewa ni maisha, na mguu wa kulia hauwezi kubaki, kuanzia chini ya goti. Nilimwambia Bi Zuhura nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda, kwa sababu niliona aibu kumwambia nimesimama.

Akauliza, "Na mzigo uliobaki nani ataukagua?"

Ndipo akalia. Na mimi nikalia, wakuu, sioni haya kusema.

Operesheni ilienda salama. Nikaandika kila kitu kwenye group, bila matusi. Mnajua majibu? "Pole yake, ni kadari ya Mungu." "Tusichafuliane majina hapa." "Dokta kasaidia wengi." Admin akafuta ujumbe wangu, akaandika group ni la biashara tu. Ila tangazo la kijani halikufutwa. Wambui peke yake ndiye aliyekuja hospitali kumuogesha mama, huyo nesi tu.

Nikasema sawa, nitamshtaki. Pale hospitali wakaniambia inawezekana, watu wanaojifanya madaktari wanashughulikiwa. Wakanipa fomu ya malalamiko na kalamu. Jina kamili la mtuhumiwa?

Dokta Sele.

Jina kamili?

Wakuu, sikuwa nalo. Nikauliza watu wa group mmoja mmoja, inbox. Hakuna. Watu aliowachoma sindano, watu aliowapa vidonge vya uzazi, hakuna hata mmoja anayejua anaitwa nani kwao, Selemani, Seleli, mtoto wa nani, wa wapi. Nilirudi kwenye kile chumba, nikakuta mtu mwingine anapanga maboksi ya viatu. Cheo kilikuwa kimefunika kila kitu. Tulijua tumemwita nani, hatukujua ni nani.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza Bi Zuhura airport kwenye kiti cha magurudumu. Blanketi miguuni, mkoba wake mapajani. Akaniambia taratibu, "Dokta kanipigia jana kwa namba ngeni. Kaniombea dua."

Nikapandisha sauti, nikasahau heshima. "Mama, yule si daktari! Mpaka leo unamwita Dokta?"

Akaniangalia bila hasira. "Najua si daktari, mwanangu. Basi nimwite nani? Wewe wamjua jina?"

Mhudumu wa airport akaja akamsukuma ndani, mpaka leo naliona lile blanketi lilivyolala upande mmoja.

Funzo nililopata ni la kijinga kwa wepesi wake. Mtu akikuambia ni daktari, muulize daktari wa nini, kasomea wapi, kaandikishwa wapi, na anaitwa nani. Wa kweli hakasiriki, atakuonyesha. Kama ni nesi aseme nesi, kama ni mfamasia aseme mfamasia, wala hatapungukiwa heshima. Na sisi tuache kuvisha watu makoti tusiyoyashona. Zipu tunaikagua mara mbili, mwili tunaukabidhi kwa picha ya status.

Juzi nimeonyeshwa tangazo jipya linazunguka kwenye group la mji mwingine. Rangi ni ile ile ya kijani, uso ni ule ule. Sasa anaitwa Profesa.

Matusi, ushauri, ubishi, vyote leteni hapa chini, nitasoma. Lakini ninachokihitaji zaidi ni kimoja. Kama kuna aliyesoma naye, aliyepanga naye chumba, aliyetoka naye mtaa mmoja, tafadhali aje inbox aniambie jina alilopewa na wazazi wake. Kalamu ile bado ninayo.