Shujaa wa Tangi la Kanisa

Fundi bomba huyu alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakufundishwa na mtu: kujisifu. Akiziba bomba linalovuja, utadhani kazuia gharika. Ndiyo maana kanisa zima lilipoanza kumwita shujaa, mkewe alicheka mpaka akakaa chini, akamkumbusha kwamba mende wa jikoni bado anauliwa na yeye mke.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumatatu fundi alikuwa akitengeneza pampu ya tangi la kanisa, lile lililochimbwa chini ya ardhi pale uani. Kikapungua kifaa, ikabidi aende dukani. Mfuniko wa chuma ulikuwa mzito, na mgongo wake, kama anavyopenda kusema, hauna spea. Akafunika tundu kwa boksi la televisheni ili majani yasiingie, akaenda zake. Dakika tano tu, alijiambia. Dakika tano za fundi mnazijua.

Aliporudi alisikia mayowe. Mwalimu wa kwaya, mama mwenye mwili wake, alikuwa amelikanyaga boksi bila kuliona na kuzama nalo. Fundi akakimbia, akachungulia, akateleza kwenye tope, naye huyo, chubwi! Maji yalifika kifuani tu, lakini yeye ndiye aliyepiga kelele zaidi. Wanakwaya walipofika walimkuta amemkumbatia mwalimu wao kwa hofu, wakadhani anamwokoa. Karuka bila hata kuvua viatu, wakasema. Fundi, meno yakigongana, hakukanusha.

Sasa wazee wa kanisa wakataka kujua nani aliacha tangi wazi. Fundi akajibu kwamba aliondoka akiwa amelifunika, bila kulitaja boksi lililokwisha kuzama. Mzee mzima, na aibu hana! Basi macho yote yakamgeukia mlinzi, maana ndiye huchota maji pale kutwa nzima ya kumwagilia maua. Maskini, alipoambiwa aape kwamba saa ile hakuugusa mfuniko, akashindwa. Yeye huwa haapi juu ya jambo asilolikumbuka vizuri. Ikaamuliwa kwamba Jumapili, baada ya ibada, akabidhi funguo na kazi iishie hapo. Katika ibada hiyohiyo fundi angesimama kutoa ushuhuda na kupewa cheti.

Alhamisi mlinzi alipita kwa fundi kumshukuru. Alisema uzembe wake ungeua mtu kama si yeye fundi. Fundi akakiweka chini kikombe cha chai. Mgeni alipoondoka, akamwambia mkewe ukweli wote, akitumaini kuhurumiwa.

Mkewe hakucheka safari hii. "Bwana Yesu alibeba makosa ya watu," alisema. "Wewe umempa mwenzio abebe la kwako, halafu unataka upigiwe makofi."

Jumapili fundi alivaa suti. Mchungaji akaeleza kwamba shujaa wa Kikristo ni yule anayejitoa kwa ajili ya wengine, akamkaribisha mbele. Fundi alikuwa ameandaa hotuba yenye vichwa vitatu. Vyote vikayeyuka.

"Sikuruka," akasema. "Niliteleza. Na boksi nililiweka mimi. Mlinzi hana kosa."

Mwalimu wa kwaya, ambaye wiki nzima alikuwa akimpelekea fundi vitafunio, akamtazama tangu viatu hadi kichwani. Fundi alitamani ardhi ipasuke, kisha akakumbuka kwamba hayo ameshayajaribu. Akabaki amesimama pale, jasho likimtiririka, mpaka mchungaji akakirudisha cheti ndani ya bahasha. Wazee walinong'onezana, wakatangaza kwamba mlinzi abaki na funguo zake. Pampu ikapewa fundi mwingine papo hapo, yule mpinzani wake wa siku zote, aliyekuwa ameketi benchi la pili akitabasamu. Hilo lilimuuma kuliko yote, tusidanganyane.

Nje, mlinzi alikuwa akimsubiri. Hakuwa na tabasamu hata kidogo.

"Wiki nzima nimemwomba Mungu msamaha wa jambo hili," alisema. "Siku tatu sikula."

Fundi akasema kwa sauti ndogo, "Basi huo msamaha niachie mimi, kaka. Nauhitaji."

Mlinzi akazitia funguo mfukoni.

"Chukua," akasema. "Lakini zile siku tatu za njaa utazifunga mwenyewe."