Ufunguo Wake

Adija wa Mlingotini alijifunza Kiingereza akifua mashuka kwenye hoteli moja mjini Bagamoyo. Pale maneno yalipopungua, alijazia kwa kujiamini. Wakulima wenzake wa mwani walimwita Adija Kizungu, na mgeni akija, yeye ndiye mdomo wao.

Siku hiyo mgeni, mama mmoja kutoka kwa wanunuzi wa mwani, alikuja na ufunguo wa ghala jipya la kukaushia. Ufunguo huo angekabidhiwa mwenye shamba kubwa kuliko yote. Kijiji kizima kilijua ni Mwanajuma, aliyefunga kamba za mwani majini peke yake huku mumewe, Twalha, akimcheka kwamba analima magugu.

"Lile shamba ni la nani?" mgeni akauliza kwa Kiingereza.

"His farm!" Adija akajibu bila kusita, akiwaelekezea mkono mke na mume waliosimama bega kwa bega.

Mgeni akatabasamu, akampita Mwanajuma, akamtia Twalha ufunguo mkononi. Kiingereza chote cha Twalha kilikuwa "Thank you", naye akakitumia.

Adija akang'amua kosa lake. Kwetu 'lake' ni 'lake', awe mume awe mke. Neno linatazama shamba. Lugha ya watu hawa inamtazama mwenyewe, inataka kujua kavaa kanga au msuli! Akinyamaza, Mwanajuma atakuwa kibarua katika jasho lake mwenyewe. Akisema, Adija Kizungu kwisha habari yake. Aliona haya, na aliogopa kweli.

Mwanajuma alimkazia macho tu. Ufunguo ulikuwa unaingia mfukoni mwa Twalha.

"Shemeji, ngoja kwanza," Adija akamwambia.

"Ningoje nini? Si umesema mwenyewe?"

Watu wakacheka. Mgeni alishageuka kuelekea garini. Adija akamkimbilia, akamdaka mkono, jasho likimtoka.

"Sorry! Me, mistake. Not his. Her! Her farm!" Akamvuta Mwanajuma mbele mpaka mtandio ukamvuka.

Mgeni akaiva uso kwa aibu. Akarudi, akamnyooshea Twalha kiganja, na ufunguo ukahamia mkononi mwa Mwanajuma.

"Umeniaibisha, Adija," Twalha akanguruma. "Kumbe Kiingereza chenyewe hukijui."

"Sikijui," Adija akasema. "Lakini ufunguo ni wake."

Safari hii hakuna aliyeuliza wa nani.