Jina Lililokuwa Ndani ya Kipande

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelalia mashamba ya ngano, mbele yangu naona blanketi la mama tu likitangulia. Sasa nimezeeka, na siku nyingine najiuliza kama tulienda kweli au ni ndoto niliyoota nikaing'ang'ania. Lakini karatasi ninayo. Ndoto haipigwi mhuri.

Taabu yangu ilikuwa majina mawili. Nilipoandikishwa kipande, kile kitambulisho cha mkoloni kilichovaliwa shingoni ndani ya kikopo, kwenye shamba la mzungu tulikokaa, nilikuwa bado mvulana, na wakaandika jina langu la utotoni. Kwetu, kijana akishatahiriwa huliacha jina hilo, akaitwa arap, yaani mwana wa, na jina la baba yake. Ukimwita lile la zamani mbele ya watu, heri ungemtemea mate. Kwa hiyo mwalimu wa misheni aliponifungulia kitabu cha akiba pale posta, alimwandika mwanamume: arap, na jina la baba.

Basi nikapata nafasi kwenye chuo cha ualimu. Nauli ya treni, viatu, blanketi, vyote vilikuwa ndani ya kitabu kile, na chuo kinafunguliwa wiki inayofuata. Mtu wa dirishani pale posta akatazama kitabu, akatazama kipande, akasema, "Mwambie huyu mwenye kitabu aje mwenyewe."

"Ndiye mimi!"

"Basi huyu wa kipande ni nani? Nenda kwa DC ulete barua."

Nilitamani kumng'ata. Nilikuwa na hasira za karibu wakati huo, na hata leo wajukuu wangu wanajua siku za kukaa mbali na kiti changu.

Karani wa ofisi ya DC alikuwa Mwafrika mwenzetu wa kutoka upande wa magharibi, mwenye miwani na sweta iliyotoboka kiwiko. Alinisikiliza huku akichonga penseli. "Kijana, kwani shida iko wapi? Rudi kwenye jina la kipande, mwalimu wako abadilishe kitabu, yaishe."

"Bwana Karani, hilo ni jina la mtoto."

"Na wewe ni mzee?"

Benchi zima likacheka. Nikamwambia siwezi. Baba alikufa nikiwa mdogo, aliangukiwa na mti wakifyeka shamba la mzungu. Sura yake siikumbuki. Nilichopata kwake ni lile jina, nami nilipoanza kuitwa hivyo nilitembea wiki nzima kifua mbele. Nilirudishe tena? Wacha!

"Basi lete mama yako aseme wewe ni mtoto wa nani," akasema karani.

Ndiyo tukatoka mimi na mama kwenye ukungu ule, mpaka mjini, Sisibo kama wazee wetu walivyouita. Tukakaa kwenye benchi. Mvua ikaanza kupiga mabati na harufu ya mikaratusi ikaingia dirishani, na nadhani nilisinzia, maana nakumbuka baba akipita mlangoni na shoka begani bila kugeuka.

"Mama, habari ya safari," karani akasema. "Jina la bwana yako?"

Mama akalikaza blanketi lake.

Kwetu mke hamtaji mume wake kwa jina. Na akishakufa ndiyo kabisa: wa nje waliniita kwa jina la baba, lakini nyumbani mwetu halikuwa limetoka kinywani mwa mtu tangu azikwe. Lo, na mimi mjinga sikulikumbuka hilo mpaka pale! Nikafungua mdomo nimsaidie.

"Wewe nyamaza, shahidi ni yeye. Mama, mliishi na mtu bila kujua jina lake? Ama huyu kijana amekukodi?"

Wakacheka tena. Damu ikanipanda, nikasimama. Mama akanivuta shati, nikakaa. Kisha akafungua fundo la blanketi lake, polepole, akatoa kikopo cha bati chenye kamba. Kipande cha baba.

Sikuwahi kujua kama kiko. Baba alipokufa, mzungu alikitaka akirudishe kwa Serikali, na mama akamwambia kiliungua pamoja na nguo. Kwa uongo kama huo mtu angefungwa. Akakiweka mezani mbele ya karani.

"Hapa anajisema mwenyewe," akasema.

Karani akakunjua ile karatasi. Akavua miwani, akaivaa tena, akalisoma jina la baba kwa sauti. Mama akainamisha kichwa. Chini ya jina kulikuwa na alama za vidole vya baba, vyote kumi, vyeusi.

"Mama," karani akasema, na sauti yake haikuwa ile tena, "hiki ni mali ya Serikali. Nimekiona, siwezi kusema sijakiona. Hakirudi."

"Najua."

Nikasema, "Basi andika lile la utotoni! Mrudishie!" Nilisema kweli, sikuota, na hata leo nafurahi kwamba nilisema.

"Nyamaza, mwanangu," mama akasema. Akaweka dole gumba lake juu ya alama ya dole gumba la baba, akaliacha pale. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akaisukuma karatasi upande wa karani.

Karani akapiga taipu barua, akaipeleka ndani ikatiwa sahihi na mhuri. Tulipoinuka akafungua ile kamba kwenye kikopo, akampa mama. "Kamba haikuandikwa popote," akasema.

Njiani ukungu ulikuwa umeondoka. Mama alitangulia, kamba ameizungusha mkononi. Penye miti ya miwati akasimama.

"Wameandika nini?"

Nikasoma. Jina langu, kisha mtoto wa... nikakwama.

"Soma tu. Wewe unaruhusiwa, ni karatasi."

Nikalisoma jina la baba, lote. Akaanza kutembea tena. Mbele kidogo, bila kugeuka, akasema, "Soma tena."

Nikasoma tena. Tulipofika Kiplombe nilikuwa sihitaji kuitazama karatasi, na yeye bado anasema, soma tena.