Fidélie Aacha Kufagia

Hapa mtaani Panda, jirani yangu Fidélie alijulikana kwa fagio kabla ya kujulikana kwa uyoga. Jogoo hajamaliza kuwika, yeye tayari anafagia, shwa shwa shwa, na sisi tulio bado kitandani tunajiona wachafu.

Kisha simu ikamfundisha kuotesha uyoga nyumbani, ule tunaouita bowa. Huku bowa hutoka porini wakati wa mvua, basi. Yeye alitaka kuula mwaka mzima. Akaichukua sebule ya mumewe, Clovis, televisheni ikahamia jikoni, na mezani zikapangwa chupa za mtama uliochemshwa. Ndani ya mtama alipandikiza vipande vya uyoga. Ulipaswa kuota weupe kama pamba. Ukaota ukungu wa kijani, ukanuka. Mara ya pili, kijani tena. Clovis, ambaye sasa alitazama mpira amesimama kando ya sufuria, akatoa hukumu:

"Kama inaoza tena, télé inarudia mu salon."

Fidélie akafanya alichojua: akafagia zaidi. Kila alipotaka kufungua chupa, alifagia kwanza hadi pembeni. Nilimcheka baadaye, lakini hata mimi ningefagia. Asubuhi moja jua likaingia dirishani, akaliona vumbi aliloliamsha likicheza hewani na kushuka taratibu juu ya chupa zake, likibeba ukungu. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuja kwangu kunieleza, amekasirika kama mtu aliyeibiwa na ndugu yake.

Fagio likawekwa kando. Sakafu aliipangusa kwa kitambaa cha maji, dirisha akalifunga. Boksi la plastiki linaloonyesha ndani akaligeuza kifudifudi, akalitoboa matundu mawili ya kupitisha mikono, akalipangusa kwa spiriti. Akafunga kitambaa kichwani na barakoa mdomoni, akasubiri vumbi litulie. Kipande cha uyoga kilichobaki kilikuwa kimoja.

Mikono ikiwa ndani ya boksi, mama yake Clovis, Mama Michelle, akafika kutoka Kapolowe bila kutangaza. Mama mkwe huyu akikuta vumbi hasemi neno. Anafagia mwenyewe, ili aibu ikupate vizuri. Akaliona fagio limelala, akaliokota, akaenda moja kwa moja hadi mlango wa sebule.

Nilikuwa uani kwao, na Clovis alikuwa amesimama nje ya dirisha la sebule. Nikasema moyoni, Clovis ana bahati. Angenyamaza tu, mama angefagia, bowa ingeoza, televisheni ingerudi, na hakuna ambaye angemlaumu.

Clovis akaja, akalichukua fagio mkononi mwa mama yake.

"Mama, mwikale huku inje kwanza. Fidélie iko anatumika kazi."

"Mu hii nyumba banafagiaka saa gani?"

"Hatufagiake tena, Mama."

Mama Michelle akakaa uani, mkoba magotini, akinitazama kana kwamba ni mimi niliyemwoza mwanawe. Nilimletea maji. Nilimwonea huruma, ila kidogo.

Mtama ukawa mweupe, ukahamia kwenye mifuko ya majani makavu, na bowa ikatoka. Jumapili iliyopita niliila kwao kwa bukari, ugali wetu. Clovis alikula amesimama jikoni, maana mpira ulikuwa unachezwa. Nikamuuliza mbona siku ile hakumwacha mama yake afagie.

"Nilimuona Fidélie ku dirisha," akasema. "Alikuwa anafunga mupaka pumuzi. Ningefanya namna gani?"